Pampu Imeishiwa Nguvu? Kabla ya Kununua Betri, Pima Ethi

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea waya mmoja mweusi ambao wengi wenu hamjawahi hata kuukagua tangu mnunue trekta, na nina maoni kuhusu waya huo ambayo najua baadhi ya mafundi hawatayapenda.

Maoni yenyewe ni haya: mkulima wa biashara asilipie betri mpya, stata mpya, altaneta wala pampu mpya mpaka mtu amwonyeshe kwa macho ni volti ngapi zinapotea upande wa ethi, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Hakuna namba, hakuna kutoa hela. Wengi wenu mashine mmezichukua kwa mkopo, na mkopo hausubiri mvua. Ukinunua betri ambayo haikuwa na kosa, ile hela ndiyo ilikuwa palizi ya pili.

Kuna mdau aliniambia, "Bwana shamba, wewe shika mambo ya mahindi, umeme waachie wenyewe." Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Umeme ukiyumba kwenye bomba la kupulizia, dozi ya dawa inayumba, na dozi ni kazi yangu kabisa.

Ngoja niwape mfano wa msimu uliopita. Kijana mmoja wa huku kwetu ana trekta dogo, nyuma amefunga tanki la lita 200, pampu ya umeme ya volti 12 na bumu yenye nozeli nane zilizopangwa kila sentimita 50. Nozeli ni zile za njano, namba 02, ambazo kwa presha ya bar 3 kila moja inatoa lita 0.8 kwa dakika. Akitembea kilomita 4.8 kwa saa anamwaga lita 200 kwa hekta. Hesabu safi kabisa, alipima mwenyewe mchana kwa jagi na saa ya simu, nikamsifu.

Tatizo ni kwamba viwavijeshi vamizi hapulizi mchana. Tunawafundisha wenyewe kwamba pulizeni asubuhi na mapema au jioni, mdudu akiwa ametoka na jua likiwa limepoa. Basi jioni anawasha taa kubwa na taa za kazi, anaingia shambani. Amepuliza mara mbili, viwavi wapo tu. Duka la pembejeo likamwambia mdudu ameshakuwa sugu, achukue dawa nyingine ya bei kubwa zaidi. Fundi naye akamwambia pampu imechoka. Kwa hiyo kijana ana ushauri wa aina mbili, wote wa kutoa hela, na hakuna aliyepima kitu.

Tulipochukua lile jagi tukapima tena, safari hii taa zikiwa zimewashwa, kila nozeli ilitoa kama lita 0.56. Hiyo ni asilimia 70 ya dozi. Alikuwa anapeleka lita 140 mahali pa 200, na presha ilishakuwa ndogo kiasi kwamba zile feni za nozeli hazikutani vizuri, kuna mistari inakosa dawa kabisa. Kwa wanaotaka kujua kwa nini: nozeli ikipunguziwa presha nusu, mtiririko haupungui nusu, unabaki kama asilimia 70. Ndiyo maana kwa macho ulikuwa unaona "inapuliza tu vizuri". Na kupuliza dozi pungufu kila mara ni njia mojawapo ya kuwatengeneza wale wadudu sugu tunaowaogopa.

Nikaweka mita. Kati ya waya hasi wa pampu na kichwa cha hasi cha betri: volti 1.1 taa zikiwa zimezimwa, 2.3 taa zikiwa zimewashwa. Upande wa ethi peke yake! Waya mweusi wa pampu ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye fremu ya tanki, fremu imepakwa rangi nzito, na fremu yenyewe imeungana na trekta kwa pini zenye grisi. Taa nazo zilikuwa zimefungwa ethi kwenye bolti ileile. Aliyemuuzia pampu ndivyo alivyomfungia, na waya alimpa wa futi mbili.

Sasa tuelewane ethi ni nini. Umeme wa betri lazima uzunguke. Unatoka chanya, unapita kwenye swichi na fyuzi, unafika kwenye pampu, unafanya kazi, halafu lazima urudi kwenye hasi ya betri. Ni kama bomba la kujazia tanki: ulikanyage karibu na pampu au ulikanyage kule mwisho, maji yanapungua vilevile. Watengenezaji wa magari na matrekta, ili kupunguza waya, wanatumia chuma chenyewe kama njia ya kurudi: bodi, chasisi, injini. Jina la ethi linapotosha kidogo, maana halihusiani na udongo, trekta limekaa kwenye matairi ya mpira. Ni njia ya kurudi tu.

Na njia hiyo ina viungo vingi. Kwenye pikapu injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima kuwe na waya au mkanda wa shaba unaoiunganisha na chasisi. Kwenye matrekta mengi injini na giaboksi ndiyo mwili wenyewe, hapo afadhali, lakini kabini na bodi mara nyingi zina mipira. Kila mahali chuma kinapogusa chuma kingine kupitia rangi, kutu, tope au grisi, hapo kuna ukinzani. Ukinzani huo ni mdogo sana, na udogo wake ndio unaowadanganya watu. Chukua stata inayovuta ampea 200. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kinakula volti 2, na hizo volti 2 zinageuka joto la wati 400 kwenye bolti moja. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu haiwezi kuonyesha 0.01 kwa uhakika, itakuambia kila kitu kipo sawa. Ndiyo maana nasisitiza kupima volti, mzigo ukiwa umewashwa. Waya uliobakiwa na nyuzi tatu unapitisha volti 12 vizuri sana kama hakuna kitu kinachovuta. Mpe mzigo uone.

Shambani kwetu kuna adui mwingine ambaye magari ya mjini hayamjui: mbolea. Kikemia, mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Vumbi lake likikaa kwenye kiungo cha shaba, likapata unyevu wa usiku, shaba inaanza kuota ule ukungu wa kijani na chuma kinapata kutu haraka. Wenzetu wa Kanada na kaskazini mwa Marekani wana ugonjwa huohuo kwa njia nyingine. Wanafunga sahani kubwa ya chuma mbele ya pikapu kusukuma theluji, na mota ya haidroliki inayoinyanyua inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100. Barabara zao zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Sahani ikigoma kunyanyuka usiku wa baridi, mafundi wao nao wanaangalia kwanza vichwa vya betri na waya wa ethi, na mota ile haitegemei bodi, inavutiwa waya mnene hadi kwenye hasi ya betri. Sisi hatuna theluji lakini chumvi tunaibeba wenyewe kwenye mifuko ya kilo 50, tunaimwaga juu ya mashine, halafu tunaegesha chini ya mwembe bila kuosha.

Dalili za ethi mbovu ukizijua huwezi kudanganywa kirahisi. Ukiwasha indiketa ya trela, taa ya breki nayo inawaka kidogo kidogo kwa mdundo uleule: hiyo ni ethi ya trela, umeme umekosa njia ya kurudi unapitia taa nyingine. Trela nyingi hapa zinategemea pini ya kuvutia kama ethi, eti chuma kinagusa chuma, wakati pini ina grisi na mchanga. Mishale ya dashibodi ikiruka unapowasha taa, ethi. Ukipiga stata inasema tak, inanyamaza, na betri umeipima ikiwa imetulia ina 12.6, anza kushuku ethi. Kuna moja ya hatari: unapiga stata halafu kebo ya akselereta inakuwa ya moto. Maana yake umeme wa injini umekosa njia yake, unarudi kupitia kebo nyembamba, na unaweza pia kupita kwenye bearingi ukaziharibu taratibu.

Jinsi ya kupima ni rahisi kuliko kupima mtiririko wa nozeli. Weka mita kwenye volti za DC, sehemu ya 20. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi, siyo kibanio cha waya, kwa sababu kibanio chenyewe kinaweza kuwa ndiyo mgonjwa. Ncha nyekundu iguse hasi ya pampu kule ilipo. Washa pampu, washa na taa. Soma. Mimi nikiona 0.2 naridhika. Nikiona 0.5 kwenye pampu nafungua viungo. Ikifika volti moja, acha kupuliza, unapoteza dawa. Kwa stata, weka ncha nyekundu kwenye mwili wa injini, mtu apige stata: ikizidi 0.5 kuna kazi ya kufanya. Halafu rudi na ncha nyekundu kidogo kidogo kuelekea kwenye betri: fremu ya tanki, mwili wa trekta, bolti ya waya mkubwa, kibanio. Pale namba inapodondoka ghafla, kosa lipo kati ya hapo na pale ulipotoka. Dakika kumi umemaliza.

Usisahau upande wa chanya, unapimwa hivyohivyo: nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyeusi kwenye chanya ya pampu. Fyuzi iliyolegea na swichi ya bei rahisi nazo zinakula.

Huna mita? Tumia waya za kubustia. Funga mmoja kwenye hasi ya betri kwanza, halafu upande wa pili gusisha mwisho kwenye hasi ya pampu au mwili wa injini, ili cheche zikitokea ziwe mbali na betri, maana betri inatoa gesi inayolipuka. Kama pampu inabadilika sauti na jagi linajaa haraka zaidi, jibu umepata bure. Lakini kwa kweli mita nunua. Ya kawaida bei yake haifiki mfuko mmoja wa mbolea, na mtu mwenye trekta la mkopo kukosa mita naona ni sawa na kufuga ng'ombe wa maziwa bila ndoo.

Hapa nikemee jambo moja kabla sijasahau. Stata ikigoma, msishtue kwa kuunganisha na bisibisi au spana. Mnaruka swichi inayozuia trekta kuwaka likiwa kwenye gia, na aliyesimama mbele ya tairi la nyuma ni wewe. Watu wamekanyagwa na matrekta yao kwa mtindo huu. Ukipima stata, gia huru, breki ya mkono juu, kizimio cha injini kimevutwa ili isiwake, na anayepiga stata amekaa kwenye kiti.

Matengenezo yenyewe hayana maajabu, yanataka subira tu. Toa hasi ya betri. Fungua bolti, kwangua kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe kabisa, pande zote mbili. Weka washa yenye meno, kaza vizuri, halafu ndipo upake grisi au mafuta ya mgando kwa juu kuzuia unyevu. Waya wenye ukungu wa kijani ndani ya mpira usiuokoe, kata. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia utepe mweusi siyo kiungo, ni ahadi ya kuharibikiwa baadaye, tena siku ya kazi.

Unene wa waya ndipo wengi tunapobana matumizi vibaya. Naona vijana wanatumia mabaki ya waya wa nyumba, ule wa 1.5 wa taa. Piga hesabu: pampu inavuta ampea 10, iko mita 4 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi mita 8. Waya wa 1.5 unapoteza kama volti 0.9. Waya wa 4 unapoteza kama 0.35. Na ule wa nyumba kama ni wa uzi mmoja mgumu, mtetemo wa trekta unaukata, unaanza na siku moja inafanya kazi, siku nyingine haifanyi. Tafuta waya laini wa nyuzi nyingi, wa magari. Yule kijana tulimvutia waya mweusi wa 6 kutoka kwenye pampu moja kwa moja hadi kwenye hasi ya betri, taa tukazipa bolti yao. Ethi ikashuka hadi 0.2, jagi likarudi 0.8 hata taa zikiwa zimewaka. Pampu "iliyochoka" ndiyo hiyohiyo anayoitumia mpaka leo.

Huo ndio msimamo wangu wa pili: kifaa chochote cha umeme ulichokifunga juu ya trekta au pikapu baada ya kununua, kivutie ethi yake hadi kwenye betri. Usitegemee fremu. Kuna fundi alinibishia kwamba huko ni kupoteza shaba, kwamba chasisi ni nene kuliko waya wowote. Anasema kweli kuhusu chasisi. Chuma chenyewe hakina tatizo, tatizo ni bolti tano zilizopo njiani, na mimi sina muda wa kuzikwangua zote kila mwezi katikati ya msimu.

Kuhusu mafundi niseme haki. Wengi ni wazuri, na wengine wamenifundisha nusu ya haya. Kasoro ni jinsi tunavyowalipa. Fundi akikaa saa nzima anapima, akakuta bolti moja imelegea, akaikaza, sisi tunamwambia "si umekaza tu bolti, chukua buku mbili". Akibadilisha betri tunamlipa bila kelele kwa sababu tumeona kitu kipya kinang'aa. Mnategemea achague nini? Kubalianeni naye bei ya uchunguzi kabla hajashika spana, mlipe hata kama hakubadilisha chochote, na mwambie unataka namba tatu: betri ikiwa imetulia, betri wakati wa kupiga stata, na volti zinazopotea upande wa ethi. Ile ya pili ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, betri inaweza kweli kuwa na tatizo, nunua kwa amani. Na injini ikiwaka, kama huoni kati ya 13.8 na 14.4, hapo ongea habari za altaneta na mkanda wake.

Kwa wale wenye vikundi mnaokodisha trekta, weka daftari ndani ya trekta, dereva aandike hizo namba mwanzo wa msimu. Namba ya ethi ikianza kupanda kutoka 0.2 hadi 0.4, mnakwangua siku ya mapumziko, siyo siku ambayo watu sita wanasubiri kulimiwa.

Mwisho ni habari ya kuchomelea, maana msimu wa kukarabati maplau na trela unakuja. Fundi wa kuchomelea akija, toa waya zote mbili za betri, hasi kwanza. Kibanio cha ethi cha mashine yake akifunge kwenye kipande kilekile anachochomelea, karibu iwezekanavyo, mahali palipokwanguliwa rangi. Akikifunga kwenye bampa ya mbele wakati anachomelea sehemu ya kufungia plau nyuma, umeme wote ule unapita ndani ya trekta lako kutafuta njia, kwenye bearingi, kwenye waya nyembamba, kwenye kompyuta kama trekta lako ni la kisasa. Simama hapohapo uhakikishe kakifunga wapi kabla hajawasha.